Waridi Lenye Pengo

Tangazo lilikuwa la mistari mitatu, limebanwa gazetini kati ya mtu anayeuza kibanda cha sungura na mtu aliyepoteza meno ya bandia kwenye kivuko cha Djurgården. "Mjane wa Kungsholmen anagawa vitu kabla hajafa. Mapazia, sahani, viti sita vya zamani vya kijivu. Wanaokuja wavue viatu mlangoni."

Sixten Rydell alilisoma mara moja, akaacha kutafuna. Alilisoma tena, akaweka kikombe mezani. Viti sita. Vya zamani. Vya kijivu. Mtu mwingine angeona hapo bibi anayefanya usafi wake wa mwisho ili watoto wasije wakahangaika na makabati yake. Sixten aliona Stockholm nzima ikimfungulia mlango.

Ilikuwa Machi ya mwaka themanini na saba, na vijana wa soko la hisa walikuwa wamepata pesa haraka kuliko walivyopata akili. Kila mmoja alitaka kukalia kiti cha enzi za Mfalme Gustav wa Tatu, yule aliyekwenda Paris akarudi na mapenzi ya vitu vilivyonyooka. Kabla yake, viti vya Uswidi vilikuwa na miguu iliyopinda kama ya mbuzi anayetaka kuruka. Baada yake miguu ikanyooka, ikachongwa mifereji, ikawa myembamba kuelekea chini, na juu ya kila mguu wa mbele pakawekwa kipande cha mraba chenye waridi la kuchongwa. Kisha yote yakapakwa rangi ya kijivu ya lulu. Miaka mia mbili baadaye, kiti kimoja cha namna hiyo, chenye rangi yake ya kwanza na muhuri wa chama cha mafundi viti chini ya kikalio, kilitosha kununua gari. Sita vilivyofanana vilitosha kununua nyumba ndogo visiwani, pamoja na mashua na jirani wa kukuonea wivu.

Sasa, tusimwite Sixten mwizi. Mwizi huvunja mlango. Sixten alibonyeza kengele, akafuta miguu, akaulizia afya. Kazi yake, ukimuuliza, ilikuwa kuwafariji wajane. Alikuwa na miaka arobaini na minane, suti moja nzuri, Volvo kuukuu ya kubebea mizigo, na ulimi wa kumtoa nyoka pangoni na kumwuzia nyoka huyo viatu. Alikuwa pia na kioo cha kukuzia, kipimo cha shaba chenye miguu miwili cha kupimia unene, na kigoda cha bibi yake.

Hicho kigoda ndicho kilichokuwa roho yake. Kilikuwa cha kweli, cha enzi za mfalme, kila pembe na waridi lake la kuchongwa, na bibi yake, Bi Elfrida, alimwachia yeye peke yake kati ya wajukuu kumi na mmoja, akisema, "Huyu ndiye atakayehitaji pa kukalia." Alipokuwa na miaka saba Sixten alichonga herufi zake kwa msumari chini ya kigoda, S.R., akachapwa kwa kosa hilo. Watu wawili walishawahi kutaka kukinunua kwa bei nzuri, naye akawakatalia. Katika maisha yake kitu hicho tu hakikuwa na uongo ndani yake. Kwa hiyo, kama ilivyo kawaida ya watu wa aina yake, alikuwa akikitumia kudanganyia.

Mchezo ulikuwa hivi. Anafika kwa mjane, anaweka kigoda kando ya kiti cha mjane, anasema: mama, hiki changu ni cha kweli, tulinganishe. Halafu anageuza kanuni zote juu chini. Mguu wa kweli uliozungushwa kwa mashine ya fundi ukikaa miaka mia mbili husinyaa upande mmoja, ukawa na umbo la yai; Sixten husema fundi wa mfalme hawezi kutengeneza mguu usio duara. Anapima mguu wa mjane pande mbili, mama anaona tofauti kwa macho yake. Kigoda chake anakipima upande mmoja tu. Mawaridi ya kweli huchongwa kwa mkono, hakuna mawili yanayofanana. Sixten husema fundi mlevi ndiye anayeshindwa kurudia ua lilelile. Mpaka kahawa iishe, kiti cha mfalme kimekuwa takataka, na Sixten anakubali, kwa huruma tu, kuitoa takataka hiyo nyumbani.

Saa tano asubuhi ya Jumanne alikuwa mlangoni Kungsholmen, ghorofa ya tatu, kigoda kwapani.

Bibi Hjördis Malmqvist alikuwa mfupi, amevaa aproni ya bluu, nywele nyeupe kazisokota juu na kuzichomeka penseli. Vidole vyake vilikuwa vimevimba vifundoni na vina madoa ya kijivu. Rangi ya viatu, Sixten alifikiri. Aliwapenda wajane wanaong'arisha viatu. Ni watu wa kuamini amri.

"Viatu, mwanangu," alisema bibi kabla ya salamu.

Sixten alivua, na kidole gumba cha kushoto kikachungulia nje ya soksi. Bibi alikitazama, kisha akakitazama kigoda kwa muda mrefu zaidi.

"Mtu wa kutembea na kiti chake! Uliogopa sina pa kukukalisha?"

"Ni mazoea ya kazi, mama. Mimi ni mtaalamu wa samani. Nimeona tangazo, nikasema, masikini mama wa watu, asije akadanganywa. Mjini hapa pana matapeli."

"Usiniambie!"

"Wana suti nzuri na maneno matamu."

"Mungu atuepushe nao," alisema bibi. "Kahawa kwanza."

"Labda tungeangalia viti kwan..."

"Kahawa kwanza."

Kuna sheria za bunge na kuna sheria za meza ya kahawa ya bibi wa Kiswidi, na zile za bunge zina rufaa. Mezani palikuwa na aina saba za biskuti. Saba ndiyo hesabu ya heshima. Sita ni uchoyo, nane ni majivuno. Mgeni huonja kila aina, moja moja, kwa mpangilio, na akiruka hata moja amemtukana mwokaji, mama wa mwokaji na jiko lao. Sixten alianza na za siagi, akaja za lozi, akaja za tangawizi zinazovunja meno, na muda wote huo viti vilikuwa vimepangwa ukutani chumba cha pili, anaviona kupitia mlango ulio wazi, mate yakimjaa, wala si kwa ajili ya biskuti.

Mgongo wa yai. Miguu iliyonyooka, yenye mifereji. Kipande cha mraba juu ya mguu, na waridi juu yake. Yarabi toba, vyote sita.

"Hujala za iliki," alisema Bibi Hjördis.

Ya saba ilikuwa biskuti ya mviringo iliyokandamizwa kwenye kibao cha kuchapia, ikatokea ua lenye petali nyingi. Petali moja ilikuwa imekatika, ua likabaki na pengo kama mtoto anayeota meno.

"Kibao cha mama yangu," alisema bibi. "Nilikiangusha nikiwa na miaka tisa. Basi tangu siku hiyo biskuti zetu zina pengo."

"Tamu sana," alisema Sixten, macho yakiwa chumba cha pili. Alikula tatu bila kuziangalia.

Ndipo akaruhusiwa. Alipiga magoti mbele ya kiti cha kwanza kama mtu anayeingia kuungama. Akapima mguu kwa kipimo cha shaba: umbo la yai. Akagusa misumari ya mbao kwenye maungio: imechomoza kidogo, kama inavyofanya mbao ya zamani ikisinyaa. Akakwangua pembeni kwa ukucha: njano ya karne iliyopita, chini yake bluu, chini kabisa kijivu cha lulu, kikavu kama chokaa. Akageuza kiti. Muhuri wa chama ulikuwepo. Moyo ulimpiga mpaka akaogopa bibi atausikia.

Akasimama, akavuta pumzi, akavaa uso wa msiba.

"Mama, keti tafadhali."

"Nimeketi tangu zamani."

"Mama, nani alikuuzia viti hivi?"

"Marehemu mume wangu alivileta. Alisema vya mfalme."

Sixten alitikisa kichwa polepole. Aliweka kigoda kando ya kiti, akaanza somo lake. Akapima mguu wa kiti pande mbili, akamwonyesha tofauti. Akapima kigoda upande mmoja. "Huu ni duara, mama, unaona? Mfalme asingekubali mguu wa yai. Na hizi rangi tatu! Mwenye kitu kizuri hakipaki mara tatu. Mtu aliyefanya hivi alikuwa anaficha jambo. Na muhuri... siku hizi mihuri inachongwa kama funguo."

"Kwa hiyo si vya zamani?"

"Ni vipya, mama. Pole sana."

"Ni vya bandia?"

"Bandia tupu."

Bibi Hjördis alikunja mikono juu ya aproni. Sixten alisubiri machozi. Kitambaa safi alikuwa nacho mfukoni kwa kazi hiyo hasa.

"Basi nitavipasua vya kuni," alisema bibi.

"Hapana!" Sauti ilimtoka nyembamba mno. Akakohoa. "Yaani, hapana, mama, rangi ya bandia ina sumu ikiungua. Mimi nitavitoa. Nina rafiki zangu wa mchezo wa kuigiza, wanahitaji viti vya kuvunja jukwaani. Nitakupa kitu kidogo cha..."

"Sitaki pesa. Pesa ni kitu kingine cha kugawa, na mimi napunguza." Simu ililia ukumbini. Bibi akaenda, akazungumza kidogo, akarudi. "Bwana mmoja wa Uppsala. Anakuja saa tisa kuviona. Naye anasema ni mtaalamu. Mna mkutano leo?"

Sixten alihisi jasho chini ya suti. "Huyo usimfungulie, mama. Hao wa Uppsala ndio wenyewe."

"Kinachonihangaisha," bibi aliendelea taratibu, kama hakusikia, "ni pa kukalia nikivaa buti. Viti hivi ni virefu kwangu. Nikipata kitu kifupi, kama hicho chako, mtu angeweza kuchukua vyote sita akaniacha na amani yangu."

Hapo, ndugu msomaji, Sixten alimkumbuka Bi Elfrida na fimbo yake. Aliona aibu, aibu halisi, iliyodumu kiasi cha mtu kumaliza kijiko cha supu. Kisha akafikiri: bibi huyu haendi popote. Nitarudi wiki ijayo na kapu la machungwa, nitamwambia kigoda kina wadudu, nitakiondoa kwa huruma. Kigoda kitakaa kwake siku saba tu. Viti sita nitakuwa navyo maisha yote.

"Mama," alisema, sauti ikitetemeka bila yeye kuigiza, "chukua. Ni cha bibi yangu."

"Basi kitakaa kwa bibi mwingine."

Kulibaki karatasi. Mwaka uliotangulia mama mmoja aliona kabati lake la zamani kwenye picha za gazeti, akamfuata Sixten mpaka kazini kwake, yaani kwenye mkahawa, na mwavuli mkononi. Tangu siku hiyo alijikinga. Alitoa kalamu akaandika kwa mwandiko mzuri: Mimi Sixten Rydell, mtaalamu wa samani, nimevikagua viti sita vya Bibi Hjördis Malmqvist na kuthibitisha kwamba si vya kale, ni vya kuiga, na vimetengenezwa karibuni. Nimevichukua kwa kubadilishana na kigoda changu, kwa hiari ya pande zote mbili.

"Ongeza kwamba hakuna atakayerudi kudai," alisema bibi. "Mimi ni mzee, nasahau, nisije nikakusumbua."

Sixten angembusu. Akaongeza. Wakatia sahihi nakala mbili, na bibi akamfungia biskuti za iliki kwenye karatasi kwa ajili ya njiani.

Vendela Ekstrand ndiye mtu pekee mjini ambaye neno lake lilikuwa na uzito kuliko la mfalme mwenyewe. Alikuwa na duka la vitu vya kale Odengatan, na vijana wa soko la hisa hawakununua hata kijiko bila yeye kukinusa. Bahati mbaya alikuwa Gothenburg mpaka baada ya Pasaka. Sixten alisubiri wiki tatu. Safari ya machungwa aliiahirisha. Machungwa yana gharama, na tajiri mtarajiwa hana haraka. Alikwenda visiwani mara mbili kutazama nyumba, akamwambia mwenye nyumba moja kwamba gati lake ni fupi.

Vendela aliporudi, viti vilipangwa dukani kwake chini ya dirisha kubwa, mwanga wa Aprili ukivimwagikia. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyetumia maneno mawili palipotosha moja. Alipima miguu. Aliangalia maungio. Aligeuza, akanusa, akakwangua. Kila alipofanya hivyo nyusi zilipanda, na Sixten akaongeza chumba kimoja kwenye nyumba ya visiwani.

"Nzuri," alisema Vendela.

"Nilijua!"

"Nzuri sana." Kisha akainama kwenye waridi la kwanza, akaweka kidole. Akahamia la pili. La tatu. Kila kiti kilikuwa na manne, mawili mbele na mawili ubavuni. Alitembea kiti hadi kiti, kidole mbele, akinong'ona kitu kimoja.

"Unasema nini?" aliuliza Sixten.

"Pengo," alisema Vendela. "Pengo. Pengo. Pengo. Njoo uangalie mwenyewe, mtaalamu."

Sixten aliangalia. Kila ua lilikosa petali moja, ileile, mahali palepale. Alihisi ladha ya iliki mdomoni.

"Fundi akichonga kwa mkono, hakuna maua mawili yanayofanana," alisema Vendela. "Haya ishirini na manne ni mapacha. Yamechapwa kwenye kibao." Alichovya kitambaa kwenye maji ya moto, akakibana juu ya waridi moja, akahesabu mpaka sitini. Akakwangua, na waridi likang'oka mkononi mwake laini kama uji: vumbi la mbao na gundi. Akalinusa. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu Sixten amjue, Vendela Ekstrand akacheka.

"Ulipewa na kahawa?"

"Aina saba," alisema Sixten kwa sauti ya mgonjwa.

"Mwenzio wa Uppsala, aliyeleta vyake jana, alipewa sita. Jione umeheshimiwa." Akafuta mkono. "Aliyetengeneza hivi ni fundi kutuzidi sote wawili. Kwa nini kwenye maua akatumia kibao cha biskuti, sijui. Vitoe dukani kwangu."

Njia yote hadi Kungsholmen Sixten alipanga maneno. Alipanga vitisho, alipanga sheria, alipanga hata machozi. Alipanda ngazi ghorofa tatu akiwa simba. Mlango ulifunguka kabla hajabonyeza kengele.

"Viatu, mwanangu."

Ni vigumu sana kumfokea mtu ukiwa na soksi zilizotoboka. Sixten alijaribu. "Mama, umenidanganya! Viti ni vya bandia!"

"Nani kasema?"

"Mimi... Vendela... kila mtu!"

"Wewe ulisema wa kwanza, humu humu ndani, kwa sauti kubwa. Ukaandika. Ukatia sahihi." Bibi alichomoa karatasi mfukoni mwa aproni, ilikokuwa ikimsubiri. "Ni vipya, ulisema. Ni kweli, nilivimaliza Januari. Mwaka huu mzima hakuna mwanamume aliyesema kweli ndani ya nyumba hii isipokuwa wewe."

"Lakini miguu! Ni umbo la yai! Nilipima!"

"Unaichonga mbao ingali mbichi, unaikausha kwa joto siku tatu, inajikunja yenyewe. Chini kuna chumba cha kufulia, na chumba cha kukaushia nguo nimejiandikisha kila Alhamisi mpaka Krismasi. Majirani wananibandikia barua za hasira ukutani: mjane mmoja anapataje nguo nyingi hivyo?" Akacheka kwa furaha ya mtu anayezihifadhi barua hizo. "Miaka thelathini na mmoja nimetengeneza samani za jukwaani, kwenye ukumbi wa michezo ya kuigiza. Viti vya wafalme nimevivunja vingi kuliko ulivyowahi kuviona. Ila maua siwezi tena. Vidole vinaikataa patasi ndogo." Alivitazama vidole vyake vilivyovimba, na kwa kitambo furaha ikamtoka usoni. "Kwa hiyo nayachapa kama biskuti."

"Lakini mama, nimekukosea nini mimi?"

"Mimi? Hakuna. Kaa."

Sixten alikaa.

"Dada yangu anaitwa Ragnhild, anakaa Södertälje. Alikuwa na viti viwili vya mama yetu, vya kweli. Miaka miwili iliyopita alikuja bwana mwenye sauti nzuri, akamwambia ni takataka, akamwachia boksi la chokoleti. Ragnhild alipokuja kujua, aliona haya hata kunisimulia. Miezi mitatu hakutoka nje. Jina la bwana hakulishika. Alikumbuka kitu kimoja: alikuja na kigoda cha kijivu kwapani."

Sixten aliikumbuka Södertälje vizuri. Aliikumbuka chokoleti, ilikuwa ya bei nafuu. Uso ulimwaka, na safari hii aibu haikuondoka.

"Tangazo lilikuwa la kuninasa mimi," alisema.

"Nililitoa mara saba. Ulichelewa. Katikati walinaswa watatu wengine. Nao walikuwa na sauti nzuri."

"Mama," alisema Sixten, "viti chukua. Suti chukua. Kigoda ni cha bibi yangu. Sina kingine chake. Nirudishie, tafadhali."

Bibi Hjördis alimtazama kwa muda, kama anavyotazama mbao kabla ya kuikata.

"Viti sita vinarudi leo, uvipandishe mwenyewe. Kipimo chako cha shaba kinabaki. Na gari."

"Gari?!"

"Mafundi husafirisha mizigo. Leseni ninayo tangu hamsini na moja. Gari ni la Ragnhild na mimi, kwa ajili ya viti vya mama."

Akapandisha viti, viwili viwili, ghorofa tatu, akivua na kuvaa viatu kila safari. Akatia sahihi karatasi za gari juu ya meza ya kahawa. Bibi akaingia chumbani, akatoka na kigoda kimefungwa kwa shuka. Sixten alikipokea kwa mikono miwili, akapindua shuka, akaangalia chini yake. S.R., zimechongwa kwa msumari, R ikiwa imepinda kama alivyoipinda mwenyewe akiwa na miaka saba. Machozi yalimtoka, akayaacha.

"Asante, mama."

"Chukua na biskuti. Njia ni ndefu kwa asiye na gari."

Alipanda treni ya chini ya ardhi kuelekea kwake Midsommarkransen, kigoda mapajani. Kijana mmoja alimpisha kiti, akidhani ni mtu aliyefiwa. Sixten alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuiona baada ya udanganyifu wowote uliofanikiwa. Hana gari, hana kipimo, hana nyumba visiwani, lakini Bi Elfrida amerudi nyumbani. Aliapa, na kwa kweli aliapa kwa moyo mmoja, kwamba kigoda hiki hakitatoka tena kwake kwenda kumliza mjane wa mtu.

Nyumbani alikiweka kando ya dirisha, akajitengenezea kahawa, akakikalia. Kilikuwa imara. Imara kuliko alivyokumbuka. Zamani kilikuwa kikilia kidogo upande wa kushoto. Alifungua karatasi ya biskuti, akachukua moja ya iliki, na alipoinyanyua kwenda mdomoni jua la jioni likapiga pembe ya kigoda kati ya magoti yake.

Alishusha mkono. Alisogeza biskuti taratibu mpaka ikawa kando ya waridi la kigoda.

Petali kwa petali, zililingana. Pengo lilikuwa upande wa kulia.

Huko Södertälje, muda huohuo, Volvo kuukuu ilikuwa imeegeshwa vibaya mbele ya nyumba ya Bibi Ragnhild, na wajane wawili walikuwa ukumbini wakibishana nani akalie kwanza kigoda cha mfalme kuvaa buti zake. Sixten hakuliona hilo, lakini alilijua barabara. Kisha kicheko kilimpanda toka tumboni bila ruhusa yake, akacheka mpaka jirani akagonga ukuta, akalichovya lile ua lenye pengo kwenye kahawa, akalila lote.